Nilikagua majani, sikuchimbua mizizi

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nilisoma shahada ya kwanza ya bayoteknolojia SUA, Morogoro, na tangu nimalize nimekuwa nikijitolea katika maabara moja ya mimea jijini Dar es Salaam. Kujitolea unakujua: nauli na hela ya chakula cha mchana, na ikichelewa unakula kwa dada. Kazi yangu ni kusaga majani ya muhogo, kutoa RNA (vinasaba vya virusi hivi viko humo), kupima virusi na kujaza daftari. Naipenda. Mkono umezoea pipeti mpaka nikishika kijiko cha chai dole gumba linatafuta pa kubonyeza.

Mwezi huu yamenijia mambo mawili kwa pamoja. Nimepata ufadhili wa shahada ya uzamili Ulaya, miaka miwili, kwenye maabara inayohariri jeni za muhogo ili ustahimili ugonjwa wa michirizi kahawia. Wiki hiyo hiyo jina langu likatoka kwenye ajira za serikali: nimepangiwa kuwa afisa kilimo katika halmashauri moja ya kusini. Halmashauri wananisubiri niripoti, chuo nacho kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama yangu anasema ajira ya serikali haikataliwi, hasa ukiwa na mdogo wako chuoni anayekutazamia wewe kwa ada. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, alisema mbele ya watu kwenye arobaini ya bibi: "Huyu anakwenda kusomea GMO, arudi atuuzie mbegu za kununua kila mwaka." Watu wakacheka. Nikanyamaza.

Ila Mama, kinachoninyima usingizi ni kingine. Mwaka jana kabla ya masika, shamba la baba lilikuwa limejaa batobato, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani. Niliona aibu. Mimi mtu wa muhogo, baba yangu analima majani yaliyojikunja kama ngumi! Mwezi wa pili nikamtafutia mbegu wilaya ya jirani. Nililipata shamba zuri, majani ya juu kijani kibichi, mashina manene. Nilikagua shina moja baada ya jingine. Majani ya chini yalikuwa yameshapukutika kwa kiangazi, sikulitilia maanani. Nikafunga mizigo sita, nikaipakia kwenye buti la basi. Baba alipanda robo tatu ya ekari na zilizobaki akawagawia majirani wawili. Shamba likapendeza, akawa anawapitisha watu: "Hii mbegu ya binti yangu."

Ramadhani iliyopita akachimbua muhogo wa futari. Nje mizizi ilikuwa mizuri kabisa. Mama alipoumenya na kuukata, katikati madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Alikata, akatupa, akakata, akatupa, mpaka kilichoingia chunguni kikawa kidogo kuliko kilichokwenda jalalani. Baba alisema tu, "Labda ardhi imechoka."

Ardhi haijachoka, Mama. Ni mimi. Nilibeba majani machache nikaenda kuyapima kimyakimya. Yalikuwa na virusi vyote viwili vya michirizi kahawia. Sijamwambia mtu, si baba, si majirani.

Mtu wa namna hii anastahili kweli kwenda kusomea magonjwa ya mimea? Na nikienda, si nitakuwa nimesomea kitu ambacho kwetu hakiruhusiwi? Au niende tu halmashauri nikawe bibi shamba, nikae karibu na wakulima?

Mwenye Pingili, Muheza

*

Marahaba mwanangu. Pole na futari ile.

Umeuliza maswali matatu wazi, na la nne, lililo kubwa kuliko yote, ukalipitisha katikati ya habari kama mtu anayepitisha noti chini ya meza. Nitafika huko. Kwanza tuzungumze kuhusu shamba uliloenda kukagua.

Batobato haijifichi. Jani changa linajikunja, njano na kijani vimechanganyika, hata mtoto wa darasa la tatu anakuonyesha. Michirizi kahawia ina hila. Dalili zake hukaa kwenye majani yaliyokomaa, ya chini, njano inayofuata vishipa, na majani hayo ndiyo ya kwanza kuanguka kiangazi kikikaza. Kwa hiyo Februari ile ulikuwa unakagua shamba ambalo ushahidi wake ulishaanguka chini ukaliwa na mchwa. Halafu kuna mbegu zinazovumilia. Kiroba, wanayoipenda watu wa Pwani, ni mfano: virusi vinaweza kuwemo, na bado muhogo unasimama vizuri na kuzaa. Uvumilivu si ukinzani. Mbegu yenye uvumilivu humlisha mwenye shamba, lakini kwa jirani inaweza kuwa kisima cha ugonjwa. Huenda shamba ulilolipenda lilikuwa la namna hiyo. Ulichotakiwa kufanya ni kumwomba mwenyewe akuuzie mashina matatu manne, uyang'oe pembe tofauti za shamba na kuikata mizizi vipande papo hapo. Kisu na dakika kumi. Hakuna maabara hapo.

Inzi weupe ndio wanaobeba virusi hivi, lakini hawakai navyo muda mrefu. Wanavitoa shina hili kupeleka lile, tuta hili kwenda lile. Kutoka wilaya hadi wilaya, michirizi kahawia husafiri kwenye buti la basi, pamoja na mtu mwenye nia njema. Hujakuwa wa kwanza. Muhogo hupandwa kwa pingili, na Afrika Mashariki pingili hutolewa kama chumvi: jirani akiomba humnyimi.

Kuhusu kustahili. Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa shamba la majaribio: mbegu 12, marudio manne, vibao 48. Niliandika majina kwa kalamu ya wino mzito, ile inayouzwa kwa maelezo kwamba haifutiki. Jua la miezi mitatu likaifuta. Ramani ya shamba ilikuwa kwenye karatasi moja tu, nayo ilikwisha kulowa. Nikasimama katikati ya vibao 48 vyeupe, mihogo imenizunguka yote inafanana, na fedha za watu zimekwenda. Nilikaa siku mbili nikitunga uongo. Siku ya tatu nikaenda kwa mkubwa wangu nikamwambia kama ilivyo. Hakunifokea. Alitoa penseli mfukoni akanipa, akarudi kwenye chai yake. Penseli haijali jua wala mvua. Mpaka leo nikiona kijana ameingia shambani na kalamu ya wino, tumbo linanikata.

Kwa hiyo kosa lako halinitishi. Linalonitisha ni kwamba ulipima, ukapata jibu, ukalikalia. Baba yako anadhani ardhi yake imechoka. Mtu mwenye wazo hilo atahamisha muhogo aupeleke kipande kingine, na atapanda pingili zile zile. Jibu la kipimo ni mali ya mwenye shamba, mwanangu. Wewe ulilibeba tu.

Sasa kazi yenyewe, na nianze nyumbani kwenu. Kutoka Muheza ukitazama juu unaiona milima ya Usambara, na huko juu kuna Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Ni katika koloni lao hili ambamo batobato iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1894. Waingereza walipokishika kituo, akaja H. H. Storey, na mwaka 1936 akaueleza ugonjwa mwingine tofauti na batobato. Huo ndio huu wenu wa michirizi kahawia. Ugonjwa uliokula futari ya mama yako uliingia kwenye maandishi ya sayansi kutokea mlima unaouona kutoka nyumbani.

Na kilichofanyika Amani baada ya hapo ndicho ningependa ukifikirie unapopima barua zako mbili. Storey, na R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuchavusha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii. Watoto wake wa kwanza walikuwa wakinzani lakini mizizi yao haikuwa ya kula. Wakawarudisha kwa muhogo, wakawarudisha tena, na tena. Kila mzunguko una miaka yake. Hawakuwa na PCR, kipimo cha maabara cha kutambua vinasaba. Hawakujua hata kama wanapambana na virusi vya aina moja au mbili. Kazi ile ilifungwa mwaka 1957, na ungeweza kusema imekufa. Lakini mbegu za uzao wao zilishapelekwa Nigeria, na kutoka hapo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, pale Ibadan wakajenga mbegu zinazokinza batobato zilizosambaa Afrika nzima. Shina jingine la Amani, lenye namba 46106/27, liliteleza mikononi mwa wakulima bila cheti. Kenya wakaliita Kaleso. Kwetu likaitwa Namikonga. Miongo baadaye watafiti walipolinganisha vinasaba ndipo wakagundua kwamba Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja, na ni miongoni mwa silaha bora tulizonazo dhidi ya michirizi kahawia. Aliyelitunza muda wote huo ni mkulima, kwa kupanda na kugawa, kitendo kile kile unachojilaumu nacho leo.

Hii ni kazi ya watu wanaofungua kitu wasichokimaliza. Kama hilo linakukera, nenda halmashauri kesho asubuhi.

Mjomba sasa. Usimdharau. Anayenunua mahindi chotara kila msimu ana haki ya kuuliza mbegu ni ya nani. Mjibu kwa muhogo: muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili haijui imetoka kwenye mfuko wa kampuni au kwa shemeji. Muhogo uliohaririwa jeni nao utapandwa kwa pingili. Swali la hakimiliki linabaki, na ni la haki. Ulichukue uende nalo Ulaya, uliulize huko. Mweleze pia kwamba migomba ya chupa anayoiona kwa wenzake si GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni, ni mmea uleule uliokuzwa maabara ili uwe safi. Nimekutana na watu wazima wenye digrii wanaochanganya mambo hayo mawili, sembuse mjomba.

Kuhusu "kitu kisichoruhusiwa kwetu", hapa sikufichi. Njia ya uhandisi jeni Tanzania imekuwa mlango unaofunguliwa na kufungwa kwa barua. Jaribio la mahindi ya kustahimili ukame lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 likasimamishwa, na mwaka 2021 waziri akasitisha majaribio ya GMO. Kenya wamekwenda upande mwingine: Juni 2021 mamlaka yao ya usalama wa viumbe ilikubali muhogo uliobadilishwa jeni kwa ajili ya michirizi kahawia hii hii. Uganda bunge limepitisha sheria mara mbili, Rais akairudisha. Huwezi kupanga maisha ya miaka 30 juu ya mlango wa namna hiyo peke yake.

Wala usidhani mlango ukiwa wazi ndiyo mambo yamekwisha. Kuna Dennis Gonsalves, mzaliwa wa Hawaii, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell. Alianza kushughulika na virusi vya papai miaka mingi kabla havijafika Puna, kitovu cha mapapai ya Hawaii. Vilipoingia Puna mwaka 1992, tayari alikuwa na mmea mkononi. Mwaka 1998 wakulima wakapewa papai la Rainbow, na kilimo cha papai kikaokoka. Hadithi nzuri, na ya kweli. Lakini Japani, moja ya masoko yao makubwa, haikulikubali mpaka mwaka 2011. Miaka 13 mkulima ana papai zima na mteja hataki.

Na maabara ina hila zake kama shamba. Wale waliokuwa wanabadilisha jeni za muhogo wa aina ya TME 204 ili ukinze michirizi kahawia walifika mahali mmea unafanya walichotaka, kumbe umepoteza ukinzani wake wa asili dhidi ya batobato. Haikuwa ile jeni waliyoingiza. Ilikuwa ni ile safari ya kuukuza mmea upya kutoka kwenye tishu ndani ya chupa. Walilazimika kugeukia mbegu nyingine. Mambo haya yalichapishwa mwaka 2016 kwa majina yao yote, wazi, kila mtu asome. Unaona nilichokuambia kuhusu jibu la kipimo?

Basi uende au usiende?

Ningekuwa wewe ningekwenda, kwa sharti moja: kwamba jibu la msimamizi wako kwa barua utakayomwandikia leo usiku linaridhisha. Muulize sampuli za virusi zinatoka wapi, na kama utarudi Afrika Mashariki angalau msimu mmoja kuzikusanya mwenyewe, kwa vibali vya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na taasisi ya hapa ikiwa mshirika. Muulize majibu yatakayotoka yatarudishwaje kwa wenye mashamba, na jina lako litakaa wapi kwenye chapisho. Kisha muulize hili, ambalo wengi hulisahau: nikishindwa kupata mmea uliohaririwa ndani ya miaka miwili, nitahitimu na nini? Hesabu mwenyewe. Kuubadilisha muhogo na kuukuza tena kutoka kwenye tishu ni kazi ya miezi mingi, na mmea ukishatoka unataka miezi tisa hadi kumi na miwili ardhini kabla hujaona mzizi. Shahada ya miaka miwili ina mavuno mamoja ya muhogo, basi. Msimamizi mzuri atakuwa na mpango wa pili: upimaji wa virusi, usomaji wa vinasaba vyake, uchaguzi wa mbegu kwa kutumia alama za vinasaba. Hivyo ndivyo vitakavyokupa kazi mlango wa GMO ukiwa wazi au umefungwa. Kwenye mpaka kuna mkaguzi anayehitaji mtu wa kumpimia. TOSCI wanathibitisha mbegu. Wazalishaji wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Kibaha wanahitaji kujua ndani ya mashina yao kuna nini kabla hawajayatoa.

Waliotangulia njia hiyo wapo. Deusdedith Mbanzibwa alifanya utafiti wake Helsinki, Finland, lakini mikononi alikuwa na virusi vya muhogo vya Afrika Mashariki. Ni katika tafiti za miaka ile, 2009 na 2010, ndipo ilipobainika kwamba michirizi kahawia ina virusi viwili tofauti, hivyo hivyo ulivyovikuta kwenye majani ya baba yako. Kisha akarudi kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Joseph Ndunguru, naye wa Mikocheni, alishirikiana na akina Titus Alicai wa Uganda na mtafiti Laura Boykin kupeleka mashine ndogo ya kusoma vinasaba mpaka shambani, mkulima akapata jibu kwa saa chache badala ya kusubiri miezi. Baadaye akaja kuongoza TPHPA.

Majibu ya msimamizi yakiwa ya kuzungukazunguka, "tutaona ukifika", usiende. Nenda halmashauri, na usiende kinyonge. Kaskazini au kusini, bibi shamba anayebeba kisu na kukata mzizi mbele ya mkulima anaokoa ekari nyingi kuliko makala tatu za majarida. Ukishathibitishwa kazini unaweza kuomba ruhusa ya masomo, na utakwenda ukiwa na swali lako mwenyewe. Na huko kazini utaulizwa kuhusu Nuru, ile programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo kwa picha. Ni nzuri, inafanya kazi hata bila mtandao, waonyeshe watu. Lakini inatazama majani. Wewe unajua tayari majani yanaweza kusema nini mwezi wa pili.

Ada ya mdogo wako: kaa na mama yako mpige hesabu ya posho ya ufadhili kwa karatasi, mwezi kwa mwezi, pango la Ulaya likiwemo. Wakati mwingine kinachobaki kinatosha kutuma. Wakati mwingine hakitoshi, na hapo ajira inashinda bila aibu yoyote. Mimi siwezi kuliamua hilo kwa niaba ya nyumba yenu.

Lakini kabla ya barua ya chuo na ya halmashauri, kuna safari ya Muheza. Jumamosi hii, kama nauli ipo.

Mwambie baba kwanza, peke yake, huko shambani. Chimbua shina moja mbele yake, kata mzizi, mwonyeshe doa. Kisha mwonyeshe jani la chini, njano pembeni mwa vishipa, ajue pa kutazama siku nyingine. Mwambie virusi hivi ni vya mimea, havimdhuru mtu, kwa hiyo kilicho kizima kilichobaki kwenye mzizi ni cha kula au cha makopa. Mwambie pia asiendelee kungoja: muhogo wenye michirizi ukikaa ardhini unazidi kuoza, kwa hiyo avune mapema. Mashina yakaushwe yawe kuni, pasibaki hata pingili moja ya mbegu. Machipukizi yang'olewe, hapo apande mahindi au kunde msimu mmoja. Mbegu mpya atafute kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, hata kama ni daraja la kuazimiwa ubora, ile mbegu inayozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi. Ni ghali kuliko bure, najua.

Halafu wale majirani wawili. Nenda nao kabla mvua hazijaanza, maana mvua zikianza watakata pingili na kugawa, na wawili watakuwa sita. Nenda na baba, kwa sababu ndiye aliyewapa, na usimwache aseme "ardhi" au "mbegu ya siku hizi". Zungumza wewe. "Ile mbegu nilileta mimi, sikuchimbua, ina ugonjwa. Nimekuja tuangalie yenu pamoja." Beba panga. Mmoja anaweza kukasirika, mwache akasirike. Usimpe mhadhara wa inzi weupe. Kama ana shina kubwa karibu na nyumba, omba uanze na hilo.